Vioo vya Siti ya Nyuma

Acheni kwanza kujipepea na hizo ratiba za ibada. Joto mtalikuta palepale nikimaliza, haliendi popote, na leo nataka tuzungumze habari za joto.

Palikuwa na mwanamume mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa na gari dogo la zamani. Jina lake silitaji, maana nikilitaja tu mtageuka kumtafuta nani anaitwa hivyo humu ndani, na mimi nataka mnitazame mimi. Gari lenyewe lilishatembea nchi mbili kabla halijafika kwake, na umri wake ulimzidi mtoto wake wa kwanza mara tatu. Taa ziliwaka, honi ililia, injini ilikuwa na uhai wake. Lakini AC ilikuwa imekufa. Ukibonyeza, kitaa cha kijani kinawaka vizuri kabisa, feni inavuma, na kinachotoka kwenye matundu ni upepo wa moto, kama mtu anayekupumulia usoni.

Mwanamume huyu hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, goti linacheza. Akiwa kwenye foleni, mkono hausimami kwenye usukani. Unakwenda kwenye tundu la AC, unapima, unarudi, unakwenda tena kupima, utadhani baridi imetoka kidogo na itarudi sasa hivi. Na vioo vyote vinne amevipandisha juu. Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnamjua. Joto la Februari, shati limemganda mgongoni, jasho linaingia machoni, na bado vioo viko juu, ili mtu wa gari la pembeni aamini kwamba humu ndani kuna ubaridi. Huyo wa pembeni ni nani yake? Hamjui. Hatamwona tena mpaka anaingia kaburini.

Sasa mama mkwe wake alikuwa Muheza, na alikuwa mgonjwa. Moyo wake ulikuwa umetanuka. Daktari wa kule alimwandikia barua ya kuonana na daktari bingwa Dar es Salaam, Ijumaa fulani, na akasisitiza mambo mawili: asisafiri kwa basi, na asikae kwenye joto. Alisema moyo wa mama huyu hauwezi tena kushindana na jua. Binti yake alipoyasikia hayo kwenye simu alianza kulia. Mwanamume wetu, ambaye alikuwa amekaa pembeni ya mke wake goti likimcheza, akainyakua ile simu.

"Mama, nitakuja kukuchukua mwenyewe," akasema. "Gari lina AC. Utakaa mle kama upo kwenye friji."

Kwa nini aliyasema hayo, naye alijua AC imekufa? Nitawaambia. Miaka tisa nyuma, siku ya posa, mama huyu aliwaambia wajomba wa mwanamume huyu mbele ya watu kwamba mahari ameisikia, ila angoje aone kama kijana ataweza kumbeba mwanawe. Hakusema kwa ubaya. Ni maneno ambayo mzazi yeyote angeyasema. Lakini yeye yalimwingia, na kwa miaka tisa alikuwa akienda Muheza na sukari, na mchele, na vitambaa, na kila akifika anautazama uso wa mama mkwe kuona kama leo amepasi. Uso wa mama ulikuwa uleule. Basi safari hii, na mama mwenyewe anaumwa, aliona ndiyo nafasi yake. Atambeba.

Alikuwa na wiki tatu. Wiki ya kwanza alilipeleka gari kwa fundi wa AC, mtu mmoja anayefanyia kazi chini ya turubai kando ya barabara. Fundi alifunga geji zake kwenye mabomba, akaingiza gesi kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya mbele akitafuta panapotoa mapovu. Hapakutoa hata moja. Akainama chini ya gari, akagusa ule mpira unaodondosha maji ya AC, akasugua vidole, akamwonyesha: vilikuwa na mafuta. Maana yake, alimweleza, gesi inavujia ndani. Nyuma ya dashibodi kuna kirejeta kidogo ambako ubaridi wote unatokea, na hicho ndicho kilichotoboka. Kukifikia, lazima dashibodi nzima ing'olewe. Gari lilale hapa siku mbili.

Siku mbili! Yeye, atembee kwa miguu siku mbili, majirani wakimwona? Akamwambia fundi wiki ijayo ataleta. Wiki iliyofuata alipita palepale akapiga honi, akapunga mkono. Fundi naye akapunga. Ndivyo wiki ya pili ilivyoisha, kwa kupungiana mikono. Ikafika Jumatano ya wiki ya tatu, naye kesho yake anatakiwa awe njiani na mgonjwa, ndipo akaingia chini ya lile turubai anahema.

"Nijazie gesi tu," akasema. "Naondoka leo kwenda Muheza, kesho narudi na mama mkwe."

Fundi alimtazama. "Gesi nitajaza. Ila tundu lipo palepale. Inaweza ikakaa wiki, inaweza isifike kesho mchana."

"Hiyo kesho ndiyo ninayoitaka."

"Sawa, kaka. Basi huyo mama mwambie kabla hajapanda. Mchukulie maji, na AC ikigoma mteremshe vioo. Upepo wa barabarani siyo baridi, lakini ni upepo."

Yeye aliitikia ndiyo, ndiyo, huku mkono uko kwenye tundu la AC, na lo, baridi! Baridi ya kukausha macho. Nyumbani mke wake alimwambia maneno yaleyale ya fundi, bila kuwa amekutana na fundi. Alimwambia ampigie mama, amweleze kwamba AC haina uhakika, watoke alfajiri kabla jua halijapanda. Mwanamume akakasirika. Akamuuliza mkewe kama anataka mama yake amwone yeye ni mtu wa namna gani. Mke akanyamaza, na mwanamume akadhani ameshinda.

Akaenda Muheza na vioo vyote chini, AC amezima, jua linampiga mkono wa kulia mpaka ukabadilika rangi. Alikuwa anautunza ubaridi kwa ajili ya mama mkwe. Hapa naomba msimcheke. Alikuwa anampenda mama huyu kwa namna yake, na aliteseka peke yake ili mwenzake asiteseke. Tatizo ni kwamba gesi iliyotobolewa njia haijui kama umeizima au umeiwasha. Yeye anaitunza, nayo inaondoka taratibu, usiku kucha, gari likiwa limesimama nje ya gesti alikolala, maana ukweni alikataa kulala.

Alhamisi asubuhi aliwasha gari nusu saa kabla, likapoa. Alipofungua mlango wa nyuma mbele ya nyumba ya mama mkwe, ubaridi ulitoka mpaka miguuni mwa watu. Majirani waliokuja kumsindikiza mgonjwa waliingiza mikono ndani kuuonja. Wengine waliingiza vichwa. Mama mkwe alitoka amevaa kanga mpya, anatembea polepole, anapumzika kila hatua kumi, na alipokaa kwenye kile kiti cha nyuma akashusha pumzi akasema, "Ahsante, baba." Miaka tisa, ndugu zangu. Mwanamume huyu angekufa saa ile, angekufa anacheka.

Wakaondoka. Sasa wale mliooa kwenye watu wenye kushika heshima mtanielewa, na ambao hamjaoa mtaelewa baadaye. Mkwe na mama mkwe hawazungumzi ovyo. Mama alikaa kona ya kushoto, kimya, ameweka mikono mapajani. Kijana naye aliuinua kile kioo cha kutazamia nyuma, akakielekeza juu, ili macho yake yasikutane na ya mama. Kwenye kioo alikuwa anaona ukingo wa kanga tu. Segera alisimama akamnunulia maji, akampa bila kumtazama. Mama akapokea kwa mikono miwili, akasema ameshakunywa nyumbani, waendelee tu. Chupa akaiweka pembeni.

Walipokaribia Kabuku, mkono ulikwenda kwenye tundu. Ukarudi. Ukaenda tena. Akaongeza feni. Kelele iliongezeka, ubaridi haukuongezeka. Akajisemesha kwa sauti kwamba hapa kuna mwinuko, mashine inachoka, wakiupita itashika. Waliupita. Haikushika. Akazima, akawasha. Akapiga dashibodi kwa kiganja, kofi dogo la kuibembeleza. Na kile kitaa cha kijani kiliendelea kuwaka, hakina habari, na jua la saa tano lilikuwa linaingia kwa kioo cha mbele.

Sasa nawauliza ninyi, maana mna akili zenu. Kilichobaki kufanya ni nini? Swichi ipo chini ya kidole. Kubonyeza tu. Vioo vinne vinashuka, upepo unaingia, mwisho wa habari. Kwa nini hakubonyeza? Kwa sababu kioo kikishuka, kinasema. Kinasema AC imekufa, kinasema fundi aliniambia, mke wangu aliniambia, nilikuwa na wiki tatu. Na nyuma kuna mtu aliyengoja miaka tisa aone. Basi akajiambia dakika tano zaidi. Zilipoisha hizo, akajiambia afike Mkata kwanza.

Ndipo kwenye kile kioo cha juu akaona ukingo wa kanga unasogea kuelekea mlangoni. Mkono wa mama ulikuwa unatafuta swichi ya kioo chake. Na mlangoni mwa dereva, mnajua wenye magari, kuna kitufe kidogo kimewekwa kwa ajili ya watoto watundu. Ukikibonyeza, vioo vya nyuma vinagoma, vinabaki chini ya amri yako wewe wa mbele. Kidole chake kilikwenda pale kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Akakibonyeza.

Akasikia nyuma: tik. Kimya. Tik. Kimya kirefu. Halafu mara ya tatu, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo hana hakika kama ina wenyewe: tik.

Akafungulia redio. Na redio ilikuwa inapiga kwaya. Kwaya, jamani. Aliongeza sauti ya nyimbo za kumsifu Mungu ili asisikie ile swichi.

Mkata mke wake alipiga simu, akauliza mama anaendeleaje, na AC je. Mwanamume akatupa jicho nyuma, akaona kanga imefunika kichwa chote mpaka usoni. Akamwambia mkewe kwamba mama amejifunika gubigubi, nadhani baridi imemzidi. Na msinielewe vibaya, pale hakuwa anadanganya tu. Alikuwa anaamini. Shati lake limeloa mpaka mkanda wa suruali, jasho linamdondoka kidevuni, na bado ameona mtu aliyejifunika akaamini anasikia baridi. Mtu akishaficha jambo kwa muda mrefu, macho yake yanaanza kumsaidia kulificha.

Mama alikuwa amejifunika ili mkwe asione jasho lake. Asije akajisikia vibaya.

Mbele ya Mkata kuna mahali akina mama wanauza machungwa kando ya lami. Alimwuliza mama kama wanunue. Kimya. Akauliza tena, akapunguza redio. Kimya. Akakishusha kile kioo cha kutazamia nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Muheza akamtazama usoni mama mkwe wake. Kanga ilikuwa imeanguka. Kichwa kilikuwa kimeegemea kile kioo cha pembeni, mdomo wazi, na uso umekuwa na rangi ya majivu.

Alisimamisha gari hata hajaliweka pembeni vizuri. Alipofungua mlango wa nyuma, mwuzaji mmoja wa machungwa, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti, alikuwa ameshafika. Joto lililotoka mle lilimrudisha hatua moja nyuma. Akauliza kama humu ndani walikuwa wanachoma mkaa. Hakungoja jibu. Akamvuta mgonjwa, wakamlaza kivulini mwa kibanda, wakamlegeza nguo, wakamwaga maji kwenye kanga wakamfuta shingo na mikono, mwingine akampepea kwa ungo. Mwanamume alisimama pale na funguo mkononi, anaomba Mungu kwa maneno ambayo hayakupangika. Alikuwa anamwomba amrudishe mama huyu, halafu amfanye yeye lolote atakalo.

Mama alifumbua macho. Wakamtia maji mdomoni, kidogo kidogo. Mwuzaji akamwuliza mara ya mwisho amekunywa maji lini. Mwanamume akawahi kujibu, kama kawaida yake, kwamba alikunywa nyumbani asubuhi.

"Sijanywa," akasema mama. "Tangu jana alasiri."

Wote wakamtazama. Mwuzaji akauliza kwa nini, mgonjwa kama yeye, jua kama hili. Mama akaivuta kanga ifunike magoti, akageuza uso upande wa pili.

"Na kidonge changu cha moyo, kile cha kupunguza maji mwilini, sijakimeza. Ukikimeza unakwenda haja kila saa. Ningemwambiaje mkwe wangu asimamishe gari?"

Hakuna aliyecheka. Wale akina mama wa machungwa wote wana wakwe. Mwanamume akapiga magoti kwenye mchanga. Alikuwa amepanga barabara, amepanga gesi, amepanga muda, amepanga mpaka mlango utakavyofunguliwa mbele ya majirani. Kwamba binadamu huyu atahitaji kusimama porini kama binadamu wengine, hilo halikumpitia kichwani, wala hakuna mtu angeweza kulisema.

Halafu mama akamgeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kile kioo cha upande wangu, baba. Nilikibonyeza mara tatu. Kimeharibika, eeh?"

Hapo nataka tusimame kidogo. Mama amemletea jibu mkononi. Amelipika, amelipakua, kazi yake ni kumeza tu. Ndiyo, mama, kimeharibika, gari la zamani hili, samahani sana. Nani angejua? Fundi yuko Dar. Mke yuko Dar. Gari ni bovu kweli, kioo kimoja zaidi kitamshangaza nani? Wewe ungejibu nini? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe hapo ulipokaa.

Alifungua mdomo. Lile jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Akautazama uso wa mama mkwe, ule uso aliokuwa anautafutia alama miaka tisa, akaona midomo imepasuka kwa kiu.

"Hakijaharibika, mama," akasema. "Nilikifunga mimi."

Yule mwenye ungo aliacha kupepea. Mama aliyatazama makuti ya kibanda.

"Nilisikia ulipokifunga," akasema. "Nikasema nisikuaibishe." Akapumua. "Sasa niambie, baba. Gari lako lina nini?"

Akamwambia. Alimwambia habari ya kirejeta kilichotoboka, na wiki tatu, na honi alizompigia fundi, na mkewe aliyemnyamazisha. Alimwambia mpaka habari ya siku ya posa. Alisema yote pale mchangani, mbele ya wauza machungwa, watu ambao hajui hata wanaitwa nani, na kwa mara ya kwanza goti lake halikucheza. Kisha wakampeleka mama kituo cha afya, akapimwa, akawekewa dripu, wakapumzika mpaka jua lilipopungua. Kutoka hapo waliendelea na vioo vyote vinne chini. Kanga ya mama ilipigwa na upepo mpaka Chalinze, walikuwa wakipiga kelele ili wasikilizane, na walisimama mara nne. Kila mara mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Simama."

Ijumaa daktari bingwa aliuliza dawa zinakwendaje. Mama, ambaye zamani angesema zinakwenda vizuri, alisema kile kidonge huwa anakiruka kila akiwa na wageni, kila akienda kanisani, kila akialikwa. Daktari akaweka kalamu chini. Alimweleza binti wa mgonjwa kwamba alikuwa tayari ameshaanza kumwandikia dozi kubwa zaidi, akidhani zile za kwanza zimeshindwa, kumbe hazijamezwa. Na dozi ile, kwa moyo ule, isingekuwa jambo la mchezo.

Naona wengine mnataka kujua AC iliishaje, maana mmekuja na magari. Wiki iliyofuata alilipeleka kwa fundi, akaliacha siku mbili, akarudi nyumbani kwa miguu. Dashibodi iling'olewa yote, nyaya zikaning'inia, na fundi akamwonyesha tundu lenyewe. Lilikuwa dogo kiasi kwamba sindano isingepita. Alikibadilisha kile kirejeta, akafunga kila kitu, na AC ikafanya kazi. Lakini mimi sikutumwa kuwahubiria AC.

Ndugu zangu, sisi ndio wenye gari hilo. Nasema sisi, na mimi nimo, tena mimi ndiye nimeshika usukani hapa. Kuharibikiwa siyo dhambi yetu. Gari la zamani litaharibika, na mwili utaharibika, na ndoa itafika mahali itoe upepo wa moto hata kama kitaa cha kijani kinawaka. Mungu anajua ametuumba kwa udongo. Dhambi yetu ni kile kitufe. Ni pale tunapoona mkono wa mwenzetu unatafuta hewa, tukakimbilia kumfungia, ili asije akajua tumeshindwa.

Baba, watoto wako wanakuuliza nyumbani kuna nini, na wewe unaongeza sauti ya redio. Mama, binti yako amejaribu kukuambia jambo mara tatu, na mara zote tatu umemwambia nenda kasali. Sisi wazee wa kanisa, muumini anakuja na swali linalomchoma, nasi tunamwimbia pambio. Tumefunga vioo. Halafu tunamtazama amejifunika mpaka usoni, tunasema angalieni, huyu anasikia baridi, huyu amebarikiwa.

Na wewe uliyekaa nyuma, usidhani nimekusahau. Usitoke hapa ukimnyooshea dereva kidole. Wewe umekuja leo, umevaa vizuri, umeitikia kila amina, na tangu jana hujanywa maji. Unajua kinachokuua. Umekificha kwa heshima. Umesema nisimsumbue mchungaji, nisimtie mume wangu aibu, nisiwalaze watoto macho. Mungu hajakuomba heshima ya namna hiyo. Mama yule alibonyeza mara tatu akanyamaza, na ukimya wake ulikaribia kumfanya mkwewe muuaji.

Watu wawili wenye kupendana walikuwa ndani ya gari moja, na nje upepo wa Mungu ulikuwa unapita bure pande zote. Walikaribia kuzikana kwa sababu ya adabu. Nyumba ngapi za hapa mtaani ziko hivyo leo? Yako je?

Sitawaita mbele. Mbele hapa ni rahisi, mtu anakuja, analia, tunamwombea, anarudi na vioo vyake juu. Ninawatuma nyumbani. Leo, kabla ya chakula, kabla hujavua hata viatu, nenda kwa yule aliyekaa nyuma yako. Usianze na maombi. Usianze na maelezo marefu. Kaa naye chini, umwambie gari lako lina nini. Kisha nyamaza, umsikilize, kwa sababu na yeye ana kiu ambayo hukuwahi kumuuliza.

Tusimame.